Kisanduku cha vipodozi vya kiangazi: jaribu kimoja kimoja

Ukipata kisanduku cha sampuli cha bei nafuu hapa Lubumbashi, usipake vyote siku moja. Ngozi ikiwasha hutajua kilicholeta. Soma viambato kwanza: penye hidrokinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), klobetasoli (dawa kali ya ngozi) au zebaki, tupa, tafadhali, hata kopo liwe zuri vipi. Kilichobaki kipake kidogo kwenye mkunjo wa kiwiko asubuhi na jioni kwa siku 7, maana mzio mwingine huchelewa kutokea. Alama ya kopo wazi yenye 6M ni miezi 6 tangu kufungua.

Juni na Julai, hewa ikikauka, gliserini tupu huvuta maji ya ngozi yenyewe. Ipake ngozi ikiwa bado mbichi ya kuoga, kisha vaselini kidogo juu.