Kupata Nafasi ya Ubaharia katika Mbio za Mashua za Masafa Marefu

Anayetaka kushiriki mbio kama Fastnet, ambazo huanzia Cowes nchini Uingereza na tangu 2021 humalizikia Cherbourg nchini Ufaransa, mwendo wa takribani maili 695 za baharini, asisubiri majira ya mbio yenyewe ndipo atafute nahodha. Mashua nyingi hulazimika kushiriki kwanza mbio fupi za kufuzu, na baharia aliyekuwamo katika mbio hizo ndiye hubakishwa kikosi kinapopangwa.

Kwa hiyo, anza na mbio za klabu za katikati ya wiki. Fika gatini mapema, ukiwa na viatu visivyoacha alama sitahani, kwa sababu mara nyingi kuna nahodha anayepungukiwa na mtu dakika za mwisho. Chombo kikishafungwa, baki ukunje matanga na kuosha sitaha. Naamini jambo hilo hukumbukwa kuliko wasifu wowote.

Unapomwandikia nahodha, taja maili ulizosafiri, zamu za usiku ulizoshika, kazi unayoimudu, iwe ni kushika demani (kamba ya kurekebisha tanga) au kubadilisha matanga omoni, yaani mbele ya chombo, uzito wako, na tarehe ya cheti chako cha mafunzo ya kujiokoa baharini, maana kanuni za mbio za masafa marefu hutaka sehemu ya mabaharia wawe nacho. Kama unapatwa na kichefuchefu baharini, sema mapema. Uliza pia gharama zipi zitakuwa juu yako, na nani atairudisha mashua nyumbani, kwani safari hiyo ya kurudi huwa na nafasi zisizogombewa sana.