Namna ya Kutambua Chanzo cha Sumu kwa Mgonjwa Aliyefikishwa Hospitalini

Mgonjwa wa sumu huhudumiwa kwanza, kisha ndipo huulizwa alichokunywa. Hakikisha njia ya hewa iko wazi na anapumua vya kutosha, halafu pima sukari ya damu mara moja, kwa sababu sukari ikishuka sana mtu huchanganyikiwa au kuzimia kana kwamba amelishwa sumu. Nguo zilizolowa dawa ya wadudu zivuliwe na ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, naye anayeosha avae glavu na aproni.

Umri na mazingira ndivyo vitakavyokuelekeza mwanzo. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 5 karibu kila mara amekunywa kwa bahati mbaya kitu alichokikuta nyumbani, hasa mafuta ya taa au dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya kinywaji. Kwa vijana na watu wazima, kukusudia ni jambo la kufikiriwa mapema, iwe ni kwa viuatilifu au kwa vidonge, ilhali mnyunyiziaji dawa shambani sumu humwingia kupitia ngozi na pumzi. Watu kadhaa wa nyumba moja wakija pamoja na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, ulizia moto wa mkaa au jenereta kabla ya kukilaumu chakula. Kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu itokayo humo, haina rangi wala harufu, na kipima oksijeni cha kidoleni huonyesha namba nzuri hata pale damu ilipobeba gesi hiyo mahali pa oksijeni.

Dalili za mwilini, kwa maoni yangu, zinaaminika kuliko maelezo ya wasindikizaji, ambao pengine wanaona aibu au hawakuwepo. Mboni ndogo pamoja na mate mengi, jasho, kuharisha na kifua kinachokoroma kwa majimaji huashiria viuatilifu vya jamii ya organofosfeti au kabameti. Hapo atropini, dawa inayopinga sumu hizo, huanza bila kusubiri maabara, na dozi huongezwa maradufu kila baada ya dakika 5 hadi kifua kikauke na mapigo ya moyo na shinikizo la damu vitengemae. Wengi hukodolea macho mboni, ilhali kinachoua ni kifua. Mboni ndogo zenye pumzi ya polepole bila majimaji hayo ni za dawa za jamii ya afyuni, na tiba yake ni naloksoni. Mboni pana, ngozi kavu yenye joto, mkojo uliozuilika na kuweweseka humaanisha dawa kama atropini yenyewe, au mimea ya jamii ya datura.

Zipo sumu zinazonyamaza. Aliyemeza parasetamoli nyingi anaweza kuonekana mzima siku nzima huku ini likiharibika, na asetilisisteini, dawa ya kulikinga ini hilo, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Metanoli, aina ya pombe yenye sumu, nayo huanza kama ulevi wa kawaida, kisha baada ya saa nyingi macho huona ukungu. Kwa hiyo swali la saa ngapi lina uzito sawa na swali la nini na kiasi gani. Mwulize mgonjwa akiwa peke yake, bila kumkaripia, na uagize chupa au pakiti iletwe.

Usimtapishe. Aliyekunywa mafuta ya taa akitapika, huweza kuyavuta mapafuni, na asidi huunguza umio mara ya pili. Mkaa tiba, yaani unga wa mkaa wa hospitali unaonasa sumu tumboni, gramu 50 kwa mtu mzima, hufaa zaidi ndani ya saa 1 kwa aliye macho, lakini haunasi pombe, madini ya chuma wala lithiamu, na haupewi aliyekunywa mafuta ya taa au asidi.

Katika rejista, neno «sumu» peke yake halimsaidii mtu yeyote. Andika jina la bidhaa, kiambato chake, njia iliyoingilia, saa, na kama ilikuwa ajali, kazi au kusudi, kwani kwa maandishi hayo mfamasia hujua ni dawa zipi za kuzuia sumu ziwepo stoo. Aliyekusudia kujidhuru asiachwe peke yake wodini, wala asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya kutathminiwa na mhudumu wa afya ya akili.