Hanang jioni ukiwa Basotu: kupanga matembezi na chakula cha usiku

Jioni ukiwa Basotu, kijiji cha mkoani Manyara chenye ziwa la jina hilo hilo, lipe jua mgongo. Cha kutazama kiko mashariki: Hanang, mlima wa volkano wenye zaidi ya mita 3,400, unavyogeuka kutoka kijivu hadi wekundu wa tofali. Ukibaki Katesh, chini kabisa ya mlima, huuoni wote.

Kutoka Dodoma, upite Singida au Kondoa na Babati, ni lami na takriban kilomita 330 hadi Katesh. Usipange kwenda na kurudi siku moja. Chukua vyumba Katesh, fika kabla ya saa 8 mchana, nunua nyama hapo hapo, ondoka saa 9. Hadi Basotu tenga saa moja na nusu, kisha pita kwanza ofisi ya kijiji ujitambulishe. Wafugaji wa Kibarabaig wasalimie, na usiwapige picha bila kuomba.

Ziwa Basotu lenyewe ni shimo la mlipuko wa volkano. Magma (mwamba ulioyeyuka) ikipanda ilikutana na maji ya ardhini, maji yakageuka mvuke ghafla na kuipasua ardhi. Ndiyo sababu hapa huoni kilima kirefu kama Hanang, ila shimo lenye kingo. Tembea juu ya ukingo, usishuke majini, na waulize wenyeji kuhusu viboko kabla ya kuchagua pa kukaa.

Kwa watu 10: kilo 5 za mbuzi na mifupa yake, debe moja la mkaa, ndizi, nyanya na vitunguu vya kachumbari, lita 2 za maji ya kunywa kwa kila mtu, na dumu la lita 20 la kunawa na kuzimia moto. Washa saa 11, gari likiwa upande unakotoka upepo. Nyama ipande saa 11:30, mkaa ukishaota jivu jeupe. Wengi huharibu hapa: huibandika kwenye ndimi za moto, nje ikaungua na ndani ikabaki mbichi. Jua linazama kati ya saa 12:30 na saa 1, kutegemea mwezi, giza hufuata haraka. Saa 1 mnakula. Beba makoti, hasa Juni na Julai. Baridi ya huko si ya Dodoma.

Mvua ikinyesha, ahirisha. Udongo mweusi wa mbuga za ngano hunata hadi gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne linakwama. Na msisogelee makorongo ya mlima: tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Hanang hadi Katesh na kuua watu zaidi ya 80.

Kama tarehe ni ya kuchagua, chagua usiku wa mwezi mpevu. Huchomoza upande wa mlima karibu na machweo; kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50.

Kabla ya kuondoka mwagia mkaa maji, koroga, mwagia tena. Mabua makavu ya ngano hushika moto kwa cheche moja.