Mpaka waache kusema "pedi mbovu": kutengeneza leveli ngumu ya gemu ya kuruka

Ukiingia banda lolote la gemu pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, hujakaa vizuri kwenye benchi utasikia maneno mawili: "Pedi mbovu." Pedi ni kile kidude chenye vitufe unachoshika mkononi kuchezea. Mtu kafungwa goli tatu, pedi mbovu. Mtu katumbukia shimoni, pedi mbovu. Mwenye banda kashazoea, hata shingo hageuzi.

Mimi natengeneza gemu za kukimbia na kuruka, zile unazozitazama kwa ubavu, mhusika anakwenda kulia na mandhari inarudi nyuma. Maneno hayo mawili ndiyo kipimo changu. Mtu akifa mara thelathini mahali palepale halafu akasema "ngoja, ngoja, nimeshaijua", hapo gemu ni ngumu na ni tamu. Akifa mara tatu tu akaanza kuikagua pedi, kosa ni langu mimi fundi.

Hapa tutatengeneza leveli moja. Tumia Godot 4, programu ya kutengenezea gemu: ni ya bure, huisakinishi, unafungua faili na kuanza kazi. Ukishaipakua, bando likiisha unaendelea tu.

Hatua ya 1: Anza kufa wewe

Kabla ya kutengeneza, cheza gemu ngumu ya aina hii kwa jicho la fundi. Mimi huwa naelekeza watu kwenye mbili. Super Meat Boy ya mwaka 2010, mhusika wake ni kijinyama: ukimaliza leveli inakurudishia majaribio yako yote kwa mpigo, kundi zima la vijinyama linakimbia pamoja, wanapukutika mmoja mmoja kwenye misumeno, anabaki yule mmoja aliyefika. Ya pili ni Celeste ya 2018, binti anapanda mlima, na vifo vyako vinahesabiwa.

Weka daftari pembeni. Kila ukifa andika neno moja tu: "mimi" au "gemu". Kwenye gemu hizi mbili ukurasa utajaa "mimi". Huo ndio utamu tunaoutafuta, na hauji kwa bahati.

Hatua ya 2: Kuruka kwanza, michoro baadaye

Kosa la karibu kila anayeanza, nami nikiwemo: wiki tatu nilichora mwalo wa Kibirizi, mitumbwi, madumu ya mawese, mpaka kunguru. Kumbe mhusika wangu akiruka anaelea kama mfuko wa plastiki. Usichore chochote. Weka boksi jeupe, sakafu ya kijivu, basi.

Kwenye Godot chagua nodi (kipande cha kujengea gemu) iitwayo CharacterBody2D, ndiyo mwili wa mhusika, na umwekee msimbo wa kuanzia unaokuja nao, yaani maandishi ya amri. Ndani yake kuna kasi 300, yaani pikseli (vidoti vya skrini) 300 kwa sekunde, na nguvu ya kuruka -400. Ile hasi ni kwa sababu kwenye kompyuta namba zinapungua ukienda juu. Mvutano wa ardhi wa kawaida ni 980. Sasa piga hesabu, usikisie. Akiruka anakaa hewani kama sekunde 0.82, anapanda pikseli 82 hivi, na akiwa mbioni anasafiri karibu pikseli 245. Ukitumia vigae (miraba ya kujengea leveli) vya pikseli 64, shimo la vigae vitatu (192) analiruka bila jasho. La vigae vinne (256) linavuka masafa yake, lakini upana wa mwili wake unamsaidia: anaondoka kisigino kikiwa bado ukingoni na anatua kwa kidole. Kwa hiyo vigae vinne ndilo shimo lako gumu, na vitano usiweke. Namba hizi ziandike ukutani. Siku ukigusa kasi au mvutano, pima upya mashimo yote.

Ongeza jambo moja: akiachia kitufe mapema, kata kasi ya kupanda iwe nusu. Hapo anapata mruko mfupi na mrefu kwa kitufe kimoja, na kidole kinaanza kuwa na cha kujifunza.

Hatua ya 3: Msamaha wa siri

Hapa kaa sana. Ndipo "pedi mbovu" inapozaliwa.

Kwa kasi ya 300, mhusika anasogea pikseli 5 kila fremu, yaani kila picha moja ya skrini, na kuna fremu 60 kwa sekunde. Kijana anataka kuruka akiwa ukingoni kabisa, kwa sababu macho yanamwambia bado yupo. Kidole kikichelewa fremu tatu tu, ameshapita ukingo kwa pikseli 15. Kompyuta inasema hayupo sakafuni, haruki, anatumbukia. Kwa hesabu kompyuta iko sahihi. Kwa kijana, pedi ni mbovu. Na mimi namuunga mkono kijana.

Dawa yake: weka saa ndogo ya sekunde 0.1. Kila amri ya Godot iitwayo is_on_floor() ikisema yupo sakafuni, ijaze saa hiyo. Akitoka ukingoni ianze kuisha, na muda wote haijaisha mruhusu aruke. Akisharuka, ifute papo hapo, la sivyo atapiga mruko wa pili hewani na utashangaa umetoka wapi. Hizo ni fremu sita. Celeste yenyewe inatumia kipimo hichohicho cha sekunde 0.1, waundaji wake waliweka msimbo wa mhusika hadharani, na ukiusoma utaona namna gemu inayosifika kwa ugumu ilivyojaa huruma ndani.

Geuza wazo hilo upande wa pili: akibonyeza kabla hajagusa chini, kumbuka bonyezo lake kwa sekunde 0.1, na akitua tu aruke. Halafu kona. Akigonga kichwa kwenye pembe ya kigae kwa pikseli chache, msogeze pembeni apite. Na miiba: eneo lake la kuua liwe dogo kuliko mchoro wake. Mtu akipita kwa kukwaruza aseme "duh, nimeponea", wala asijue ulimponya wewe.

Usimwambie mchezaji hata kimoja kati ya hivi.

Hatua ya 4: Kifo kiwe kifupi

Toleo langu la kwanza lilikuwa na skrini nyeusi, muziki wa huzuni na maandishi makubwa: UMEKUFA. Sekunde tatu. Nilijiona fundi kweli. Kumbe bandani watu wanalipia muda. Dogo mmoja alikufa mara arobaini, zidisha kwa tatu: dakika mbili za hela yake alitazama giza. Akaniambia, "Kaka, gemu lako linakula hela limelala."

Nikafuta yote. Akifa, arudi chini ya nusu sekunde, palepale karibu, bila menyu, bila kuulizwa kama anataka kuendelea. Anataka. Muziki usianze upya. Kituo cha kurudia kiwe kila baada ya sekunde kumi hadi ishirini za mchezo. Kikiwa mbali zaidi ya hapo unampa adhabu ya kutembea, na kutembea hakumfundishi kitu.

Hatua ya 5: Leveli ifundishe bila maneno

Tazama leveli ya kwanza ya Super Mario Bros., ya 1985. Mario anaanza kushoto, kulia kuna uwazi, kwa hiyo unajua pa kwenda. Mbele zaidi kuna ngazi mbili zinazotazamana, katikati yake ni ardhi ngumu: ukikosea unaanguka tu, unapanda tena. Baadaye kidogo kuna ngazi mbili nyingine za namna hiyo, safari hii katikati ni shimo. Umeshafanya mazoezi bila kujua.

Leveli yangu ni mchukuzi wa mawese anayeruka boti kwa boti kule Kibirizi. Boti ya kwanza imefungwa, imetulia. Ya pili inapanda na kushuka na mawimbi, lakini chini yake maji ni ya magoti. Ya tatu, kina cha Tanganyika.

Mwanzoni mawimbi niliyaacha yaje kwa bahati nasibu, nikidhani ndiyo uhalisia, maana ziwa letu halina ratiba. Wachezaji waliyachukia, na walikuwa na haki: hakuna cha kujifunza kwenye kitu kisichojirudia. Sasa kila boti inapanda na kushuka kwa sekunde 2 kamili, daima. Ni ngumu vilevile. Ila mtu anaanza kuhesabu kwa kichwa, na mtu anayehesabu haondoki.

Hatua ya 6: Peleka bandani, funga mdomo

Omba ruhusa kwa mwenye banda, chomeka laptopu, mpe mtu pedi, ukae nyuma yake. Usimwelekeze. Ni kazi ngumu kuliko kuandika msimbo, kuna wakati nimejiuma ulimi. Kila kifo, gemu ihifadhi mahali kilipotokea kwenye faili, na jioni chora vidoti vyekundu juu ya ramani ya leveli.

Vidoti peke yake havitoshi. Rundo la vidoti linaweza kuwa somo zuri au mtego wa kijinga, na tofauti iko usoni mwa mtu, ndiyo maana unakaa pale. Rundo langu kubwa lilikuwa boti ya tatu. Watu walikunja sura, walicheka, walirudi. Sikuigusa. Rundo dogo lilikuwa kwenye bango la samaki mwishoni, ambako hakuna hatari yoyote niliyoikusudia. Kumbe ukingo wa bango ulikuwa umechorwa mrefu kuliko sakafu yake halisi. Vidoti sita tu, lakini wote sita waliigeukia pedi.

Nililirekebisha usiku huo, nikarudi kesho yake. Dogo wa skrini nyeusi alivuka boti ya tatu, akapiga kelele, akampa pedi mwenzake. Mwenzake akazama boti ya pili.

"Pedi mbovu hii."

"Nzima hiyo," dogo akamjibu. "Umebonyeza mapema. Hesabu mbili kwanza."