Somo: Jedwali la Org ndani ya barua pepe ya Emacs

Wengi wetu tunaotumia Emacs, programu ya kuandikia maandishi, tunapanga hesabu vizuri kwenye Org, modi yake ya madokezo na majedwali, halafu tukifika kwenye barua pepe tunarudi kusogeza namba kwa kitufe cha nafasi, moja moja, kama tunachambua mchele. Ya nini? Bafa la Emacs, yaani ukurasa unaouandikia, hukaa na modi kuu moja tu, ile inayoamua vitufe vifanye nini, lakini modi ndogo unaweza kuzirundika juu yake. Orgtbl ni modi ndogo: inalibeba jedwali la Org peke yake na kulileta pale unapoandika.

Mfano wangu ni hesabu ya samaki wa soko la Deep Sea ninayomtumia mteja wa Dar kila Ijumaa.

1. Ukiwa ndani ya barua, bonyeza Alt-x, andika `orgtbl-mode`, Enter.

2. Andika `|Samaki|Kilo|Bei|Jumla|`. Mstari unaofuata andika `|-` kisha Tab. Mstari wa chini ya kichwa unajichora wenyewe.

3. Jaza: Changu, Tab, 12, Tab, 9000, Tab. Kwenye Jumla andika `=$2*$3`, Tab. Inatoka 108000, na chini ya jedwali unazuka mstari wa `#+TBLFM`, unaobeba fomula yako. Andika 9000, usiandike 9,000. Huo mkato utakuvurugia hesabu.

4. Ongeza pweza, kolekole na wengineo, kisha Ctrl-u Ctrl-c * upige hesabu ya jedwali zima. Futa mstari wa TBLFM kabla ya kutuma, mteja hana kazi nao.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwenye barua pepe, Ctrl-c Ctrl-c maana yake ni TUMA. Orgtbl ikiwa imewashwa, ukibonyeza ndani ya jedwali linajipanga tu. Ukiwa nje yake, amri inarudi kwa modi kuu. Ramadhani moja kishale changu kilikuwa mstari mmoja chini ya jedwali. Barua ikaenda, safu ya Jumla tupu. Mteja akapiga: "Vipi, leo pweza ni sadaka?"

MASWALI

— Shikamoo mwalimu. Lazima niiwashe kila barua?

Marahaba. Hapana, weka hii kwenye faili lako la mipangilio:
`(add-hook 'message-mode-hook #'turn-on-orgtbl)`

— Kaka, mbona mteja wangu akisoma kwenye simu safu zinapinda?

Simu yake inatumia herufi zenye upana tofauti. Ukituma maandishi matupu, kwako huwezi kulitibu hilo. Punguza safu, au mwambie afungulie kwenye programu yenye herufi za upana sawa.

— Na vile vichwa vya kukunja vya Org, navyo naweza kuvihamishia kwenye modi nyingine?

Zamani kulikuwa na orgstruct-mode, ikaondolewa kwenye Org 9.2. Siku hizi tumia `outline-minor-mode`, inakuja na Emacs yenyewe.

— Nimejaribu sasa hivi. Nimemtumia bosi jedwali nusu.

Pole dada. Wahi kumpigia kabla hajapiga yeye.