Magoti yasikuume ukiwinda juu ya mti kwa tandiko: anza na kamba, pedi baadaye

Wadau, watu wengi wanaoanza kuwindia kwenye tandiko, hili la mikanda linalokubeba kiunoni na matakoni huku umefungwa kwenye mti na uso wako unautazama mti, wanalalamika kitu kimoja: haijafika hata saa moja magoti yanawaka moto. Na ushauri wanaopewa ni ule ule, nunua pedi nene ya magoti. Mimi pedi naiweka mbali kidogo kwenye foleni. Cha kwanza ni kamba, kwa sababu kamba ndiyo inayoamua goti lako libonyezwe kiasi gani kwenye gome, na kamba ikiwa imekaa vibaya hata uvae godoro bado utashuka unachechemea.

Kabla ya yote, haya mazoezi fanya mti wa karibu, kibao cha miguu, kile cha kukanyagia kinachofungwa kwenye shina, kikiwa nusu mita tu toka chini. Ukienda juu kweli, unakuwa umefungwa tangu mguu wa kwanza unapoacha ardhi mpaka unarudi, hiyo haina mjadala.

Hatua ya 1: mti wenyewe. Tafuta mti hai, uliosimama wima. Mti ukiinamia upande wako utakuwa unabembea kulia na kushoto na magoti hayapati pa kutulia, ukiinamia upande wa pili unakuwa kama umeulalia, uzito wote unahamia kwenye magoti. Unene nao uangalie, mti mwembamba wa chini ya sentimita 20 hivi magoti yanateleza pembeni, kila moja upande wake, halafu gome linakusugua upande wa ndani wa goti. Mti mnene kidogo unayapa magoti yote mawili ukuta wa kuegemea.

Hatua ya 2: kimo cha kamba ya mti, ile inayozunguka shina na kukushikilia kwenye mti. Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Simama kwenye kibao, zungusha kamba kwenye shina usawa wa paji la uso, kaza, halafu kaa polepole mpaka tandiko lichukue uzito. Sasa sikiliza mwili. Kamba iliyofungwa chini inalala, na kamba iliyolala inakuvuta mbele kuelekea mti, na kinachoupokea mti ni goti. Kamba iliyofungwa juu inasimama, inabeba uzito kwenda juu, goti linabaki linagusa tu. Nina kipimo changu cha kiganja: ukiwa umekaa, ingiza kiganja kati ya goti na gome. Kikiingia kwa kusukuma kidogo na kutoka bila shida, uko vizuri. Kikibanwa mpaka vidole vinauma, simama upandishe kamba kwa upana wa kiganja, kaa tena, pima tena. Ila ukipandisha kupita kiasi unaanza kuning'inia, nyonga zinabanwa na miguu inakuwa haina nguvu ya kukutuliza, hapo rudisha chini kidogo. Na unapoihamisha kamba ya mti ukiwa juu, kamba ya pili, ile ya kupandia, iwe imeshazunguka shina na kufungwa pande zote mbili za kiuno chako, usikae hata sekunde bila kitu kilichokushika.

Hatua ya 3: kamba ya daraja, hii fupi ya mbele inayounganisha nyonga mbili. Ukiifupisha sana unasogea karibu na shina, goti linakunjika kwa ukali na baada ya muda linauma kwa ndani, sio kwenye ngozi. Irefushe mpaka goti liwe limefunguka kidogo kuliko pembe ya digrii 90. Ukishairefusha rudi upime kiganja tena maana hizi kamba mbili zinategemeana, ukigusa moja nyingine inabadilika.

Hatua ya 4: kibao cha miguu. Kiwe sawa, kisiyumbe, na kikaze shina kabla hujakitegemea. Kikiinama upande mmoja kifundo cha mguu kinapinda na goti la juu yake linalipa. Vidole vya miguu vielekee kule goti linakoelekea, basi.

Hatua ya 5: sasa ndio pedi. Ziko za kuvaa na za kufunga kwenye shina. Mimi nikikaa muda mrefu napenda ya kwenye shina, kipande cha foma ngumu isiyonyonya maji, unene wa sentimita 3 mpaka 5, kinafungwa kwa mkanda pale magoti yanapogusa ukiwa umekaa. Haikubani popote na inaua kelele ya nguo kusugua gome, na mnyama akiwa karibu ule mkwaruzo mdogo unatosha kumfukuza. Ya kuvaa inafaa zaidi kwa mtu anayezunguka zunguka mti sana. Zote mbili, mzigo usikae juu ya pia ya goti, ushushe kidogo uende sehemu pana ya juu ya ugoko. Mikanda ya pedi ya kuvaa ndiyo ya kuogopa: upande wa nje, chini kidogo ya goti, kuna kinundu cha mfupa, na mshipa wa fahamu unaopeleka taarifa kwenye mguu unapita hapo karibu kabisa na ngozi. Mkanda ukikaza hapo mguu unakufa ganzi na unashindwa kunyanyua vidole, na mguu kama huo hauna kazi kwenye ngazi ya kushukia. Vidole viwili viingie chini ya mkanda, na ukisikia tu vijisindano fungua hapo hapo, usisubiri. Mifuko ya suruali toa funguo na simu, ukikaa zinahamia pajani na goti linajipanga vibaya.

Hatua ya 6: badilisha mkao kabla hujaumia. Dakika 15 au 20 umekaa na magoti kwenye mti, halafu simama uegemee nyuma kwenye kamba, miguu ikiwa karibu kunyooka ila magoti usiyafunge kabisa, yaache na ulegevu kidogo. Ukiwa hivyo nyanyua visigino, shusha, nyanyua, damu ipande. Fanya taratibu, wakati upepo unatikisa majani au mnyama ameinamisha kichwa.

Hatua ya 7: kugeuka kulenga. Hapa ndipo goti linaweza kupata jeraha la kweli, kwa sababu watu wanageuza kiuno huku nyayo zimeganda na msokoto wote unaishia kwenye goti. Nyayo zitangulie, kisha nyonga, kisha mabega. Unayetumia mkono wa kulia kuvuta upinde, shabaha ikiwa kushoto, egemeza goti la kulia kwenye shina, mguu wa kushoto usogeze ukingoni mwa kibao na uusukume, kamba ikiwa imekaza muda wote. Sehemu tatu hizo, goti, mguu na kamba, ndizo zinakufanya usitikisike. Kamba ikilegea hata kidogo acha kulenga, kaa upya.

Hatua ya 8: kushuka. Goti lililokunjika muda mrefu usilipeleke kwenye ngazi ghafla. Simama kwenye kibao ukiwa bado umefungwa, kunja na kunyoosha kila mguu mara kadhaa, ukanyage kwa nguvu mpaka uhisi unyayo wote, ndio uanze kushuka.

Na mwenye goti lililovimba, linalokwama au linalokuachia ghafla ukitembea, huu mwongozo sio dawa yako. Kamuone daktari kwanza, mti hautahama.