Kula nje na watoto wadogo ukiwa München, fanya hivi

Wazazi wenzangu mlioko Ujerumani, hasa mliofika juzijuzi, naulizwa sana eti mnawezaje kutoka na watoto wawili wadogo kwenda kula hotelini na mkarudi wewe na baba watoto bado mnaongea. Kiukweli watoto wetu hawana shida na hoteli za huku, shida yao ni kusubiri, na huku unasubiri mara nne: meza, oda, chakula, alafu bili, na hiyo ya mwisho ndo ndefu kuliko zote. Nyumbani mtoto akianza kulia mhudumu anambeba anamzungusha mpaka jikoni, wewe unakula kwa raha zako. Huku sahau, watakuchekea tu ila mwanao hamgusi mtu. Kwa hiyo hatua zote hapa chini ni za kupunguza kusubiri, basi.

Hatua ya 1: Kama ni kiangazi, anza na biergarten

Ndio, ni bustani ya bia, lakini usiogope jina, utakuta bibi, babu, vichanga kwenye vigari, na nyingi zina sehemu ya watoto kuchezea. Uzuri wake ni huu: mwaka 1812 Mfalme Maximilian I wa Bavaria, jimbo lenye München, aliwaruhusu watengeneza bia kuuza bia kwenye maghala yao ila chakula wasiuze zaidi ya mkate, watu wakawa wanakuja na vyao, na mpaka leo mila iko palepale, hadi kanuni ya jimbo ya mwaka 1999 inaitambua. Yani unaruhusiwa kuja na pilau lako na kachumbari kwenye hotpoti, unafungua mezani, mnakula, hakuna anayekuuliza. Sisi tunabeba hadi maandazi.

Masharti ni mawili tu. Kaa kwenye meza zisizo na kitambaa, zenye kitambaa ni za kuhudumiwa na hapo unaagiza chakula chao. Na vinywaji nunua hapohapo, chupa ya maziwa ya mtoto haihesabiki.

Kwa kuanzia nenda Hirschgarten, ina nafasi za watu kama 8,000 na kuna kulungu ndani ya uzio, mtoto akimaliza kula anakimbilia kuwaangalia. Nyingine ni Chinesischer Turm ndani ya Englischer Garten, karibu yake kuna ile bembea ya kuzunguka ya watoto, iko pale toka 1913.

Kama hutaki kabisa kukaa penye pombe, mitaa ya Goethestraße na Landwehrstraße karibu na stesheni kuu ina migahawa mingi ya Kituruki, na pale mara nyingi mkate unafika mezani kabla hujamaliza kusoma menyu, ukiongeza supu ya dengu mtoto ameshatulia. Hakikisha tu unauliza kuhusu pombe na halali, sio zote ziko sawa.

Hatua ya 2: Saa

Majiko mengi yanafungwa kama saa 8 mchana mpaka saa 11 na nusu jioni, na hoteli nyingi zina siku ya mapumziko, mara nyingi Jumatatu. Ingia wanapofungua tu, saa 5 na nusu asubuhi au hiyo 11 na nusu jioni, jiko halijajaa na wahudumu hawajachoka. Piga simu mapema useme unataka "Hochstuhl", kile kiti kirefu cha mtoto, na nafasi ya kigari, maana viti viwili vitatu vikishachukuliwa utakula umempakata. Meza yenye kibao cha "Stammtisch" ipite hata kama iko tupu, ina wenyewe.

Hatua ya 3: Begi

Pampasi, wipes, nguo ya kubadilisha, kalamu za rangi. Usitegemee kuwa chooni kutakuwa na meza ya kumbadilishia. Simu ya katuni ibaki kwenye pochi, ntakwambia lini inatoka.

Hatua ya 4: Kuagiza

Mhudumu akija kuuliza vinywaji wewe agiza na chakula cha mtoto papo hapo, usisubiri arudi, menyu umeshaisoma kwenye simu nyumbani. Mtoto mdogo muombee "Räuberteller", sahani tupu na uma, anakula kutoka kwenye zenu, sehemu nyingi hawachaji au wanachaji kidogo sana.

Kwa Waislamu: "Wiener Schnitzel" lazima iwe nyama ya ndama, ila ikiandikwa "Schnitzel Wiener Art" mara nyingi ni nguruwe, na ile ya watoto nayo hivyohivyo, uliza. Ndama kuwa ndama haimaanishi kachinjwa halali, hilo utaamua mwenyewe. Käsespätzle, zile tambi fupi za jibini, watoto wengi wanazipenda na mara nyingi hazina nyama.

Mwenye mtoto asiyeweza karanga au maziwa, kwa sheria ya Umoja wa Ulaya toka Desemba 2014 lazima wakuambie kama chakula kina chochote kati ya vile vitu 14 vya aleji, kwa hiyo uliza bila aibu. Maji ya bomba ya bure hawalazimiki kukupa, na wengi hawapendi kuombwa. Watoto wape Apfelschorle, juisi ya tofaa na maji ya gesi. Spezi usiwape jioni, ina kola ndani, utalala saa ngapi?

Hatua ya 5: Chakula hakijafika

Mmoja abaki mezani, mwingine atoke nje na watoto waangalie tramu, mnabadilishana. Huo ndo utaratibu, hakuna siri.

Hatua ya 6: Bili

Huku bili haiji mpaka uiombe, wanaona kukuletea ni kama kukufukuza. Kwa hiyo watoto wakiwa bado wanatafuna, sema "Zahlen, bitte", na hapo sasa ndo simu ya katuni inatoka, sauti imezimwa. Mhudumu atakuuliza mnalipa pamoja au kila mtu chake. Tipu haiachwi mezani, unataja jumla unayotaka akate, bili ikiwa yuro 46 unamwambia 50 imeisha. Beba keshi, bado kuna sehemu hazipokei kadi na mashine ya ATM inaweza kuwa mtaa wa tatu huko na mtoto kashalala begani.

Mtoto akilipuka katikati, mzazi mmoja anatoka naye moja kwa moja na makoti, mwingine anabaki kulipa. Chakula kilichobaki waambie "einpacken, bitte", wanakufungia, jioni hupiki.